Madaktari Waliokaa: Tiba na Jamii kutoka Mikindani hadi Ruvuma

Mkazi wa Chuno anayeugua leo hana safari ndefu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, iko ndani ya mji uleule wa Mtwara, na wakishindwa hapo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, upande wa Mikindani. Kabla ya hiyo ya kanda kuwapo, mgonjwa aliyehitaji bingwa alipakiwa kwenye gari kwenda Muhimbili, zaidi ya kilomita 500, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 angeweza kukwama Ndundu siku za masika akingojea kivuko cha Rufiji. Haishangazi basi kwamba tunapoizungumzia afya ya Kusini tunahesabu majengo: hospitali kadhaa, vituo vya afya kadhaa, zahanati kadhaa. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini haielezi ilikuwaje watu wa ukanda huu wakafika walipofika. Ukiifuata historia ya tiba kati ya Mikindani, Masasi, Newala na mto Ruvuma, utaona jambo moja likijirudia. Afya ilisogea mbele pale daktari alipokaa miaka mingi, akawazoea wagonjwa wake wakamzoea, na akawafundisha vijana wa hapo hapo kufanya kazi aliyokuwa akiifanya. Pale daktari alipokuwa mpita njia, hata awe bingwa wa namna gani, hakuacha kitu cha kushika.

Madaktari wa kwanza wa tiba ya Kizungu kuufikia mlango wa Ruvuma walikuwa wapita njia hasa. David Livingstone, ambaye vitabu vyetu vya shule humtaja kama mpelelezi na mmisionari, kitaaluma alikuwa tabibu. Aliupanda mto huo mwaka 1861 na tena 1862 pamoja na tabibu mwenzake, John Kirk, wakitafuta njia ya maji ya kuingilia bara. Mwaka 1866 Livingstone alirudi bila Kirk, akashuka Mikindani, na kutoka hapo akaianza safari ambayo hakurudi nayo hai. Kirk naye akaenda Unguja, akaanza kama daktari wa ubalozi wa Uingereza na mwishowe akawa balozi mwenyewe. Wote wawili walikuwa na ujuzi mkubwa kwa zama zao. Mikindani ilibakiwa na jina la mmoja wao kwenye kibao cha nyumba ya kale, basi. Si lawama, maana hawakuja kutibu watu wa Mikindani. Wanafaa kutajwa kwa sababu wanatupa mstari wa kuanzia: ujuzi uliopita mahali bila kukaa.

Waliokaa walikuwa wengine. Pwani, mwalimu wa Kurani aliandika kombe kwa zafarani, mgonjwa akanywa. Juu kwenye uwanda wa Makonde na chini katika bonde la Lukuledi, fundi wa mitishamba alijulikana kwa ukoo wake na kwa maradhi anayoyamudu, mkunga alimzalisha mama na baadaye akamzalisha binti, na ngariba alishika jando. Watu hawa hawakuwa na dawa ya ndui, na vidonda vya buba viliwashinda kama vilivyowashinda wengine wote wakati huo. Tusiwapambe. Lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo hospitali ilichukua miaka mingi kuvipata: mgonjwa aliweza kuwafikia usiku, na aliweza kuwadai maelezo. Aliyetibu vibaya aliendelea kukutana na ndugu wa marehemu kisimani. Kila daktari aliyekuja baadaye alipimwa kwa kipimo hicho hata kama hakujua kuwa anapimwa.

Wakoloni walikiogopa kipimo hicho, na walikuwa na sababu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, na vita vilivyofuata vilishuka kutoka Matumbi hadi kwa Wamwera na kugusa Masasi. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa. Kinjikitile alinyongwa, na tangu hapo mganga wa Kusini akawa mtu wa kutazamwa kwa jicho la polisi. Waingereza waliendeleza mashaka hayo kwa namna yao: sheria yao ya uchawi ya mwaka 1928 haikuweka mpaka ulio wazi kati ya anayeroga na anayetibu, na ilibidi tungoje hadi mwaka 2002 kupata sheria inayoitambua tiba asili kama tiba. Hasara yake kwa afya ya jamii ilikuwa kubwa kuliko inavyokubaliwa. Kwa karibu karne nzima watu wawili waliokuwa wakimhudumia mgonjwa mmoja walifundishwa kutosemezana.

Moto wa 1905 ndio uliowapeleka Wabenediktini Ndanda, ambako walianzisha misheni mpya mwaka 1906. Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Wajerumani hao, na waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920 alikuja pamoja nao mtawa aliyesomea udaktari, Sista Thecla Stinnesbeck. Jina lake halisikiki sana nje ya Kusini, na hiyo ni dosari ya vitabu vyetu. Daktari mwanamke, katika zama ambazo wanawake wenye shahada ya udaktari walikuwa wachache hata Ulaya, alifanya kazi Ndanda kwa miaka mingi, na hospitali iliyokua mikononi mwake ikawa kimbilio la watu kutoka pande zote, wakiwamo wenye ukoma waliotunzwa Mwena, karibu na misheni. Ukoma ndio ugonjwa unaotenganisha kwa uwazi daktari aliyekaa na daktari aliyepita. Hautibiwi kwa sindano moja. Hata dapsone ilipopatikana baada ya vita vya pili, mgonjwa alihitaji kumeza vidonge kwa miaka, kuoshwa vidonda, kutengenezewa viatu, na zaidi ya yote kushawishiwa asikimbie na asifichwe na jamaa zake. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mgeni wa miezi sita.

Upande wa Waanglikana, misheni ya UMCA iliyokuwa Masasi tangu 1876 ilimpata mwaka 1935 kijana wa Kiingereza, daktari wa upasuaji, Leader Stirling. Alipelekwa Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde. Alikaa huko miaka 14. Mwaka 1949, baada ya kuhamia Kanisa Katoliki, hakurudi kwao wala hakuhamia mji mkubwa. Alikwenda Mnero, karibu na Nachingwea, kwa Wabenediktini, akakaa miaka mingine 15. Karibu miaka 30 ndani ya eneo ambalo ofisa wa kikoloni alilihesabu kuwa adhabu kupelekwa. Wakati huo huo, si mbali na Mnero, serikali ya Uingereza ilikuwa ikimwaga fedha Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga, reli na bandari mpya ya Mtwara. Mpango ulioanza 1947 ulitelekezwa 1951, na reli yake iling'olewa baada ya uhuru. Hospitali ya Mnero ilikuwa bado inalaza wagonjwa.

Kilichofanya kazi ya Stirling idumu kilikuwa uamuzi alioufanya mapema Lulindi, wa kuwafundisha vijana wa Kimakua, Kiyao na Kimakonde uuguzi kamili, wavulana kwa wasichana, badala ya kuwatumia kama watumishi wa kubeba ndoo. Daktari mmoja kwenye wilaya mbili hawezi kukesha na kila mgonjwa aliyepasuliwa. Anayekesha ni muuguzi. Anayejua kwamba damu imeanza kutoka tena saa nane usiku ni muuguzi. Na mama aliyetoka kijiji cha mbali akiwa na mtoto mwenye homa hukutana kwanza na muuguzi ambaye anamwamkia kwa lugha yake na huenda wanajuana kwao. Kumbukumbu zilizochapishwa zina majina ya Wazungu, na wasaidizi hawa wengi wamebaki kwenye picha za pamoja bila majina. Kama kuna watu wanaostahili kuitwa madaktari wa mahali katika historia ya Kusini, ni hao.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Atasema: unasifu ukoloni kwa mlango wa nyuma. Misheni zilitibu ili zibatize, na hospitali ilikuwa chambo. Hoja hii ina uzito, na mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichambua tiba ya UMCA huko Masasi kwa kipindi cha 1900 hadi 1945, alionyesha jinsi kazi hiyo ilivyojaa utata. Lakini utafiti wa aina hiyo unatuonyesha pia upande wa pili, yaani wagonjwa hawakuwa samaki. Walichukua kutoka hospitali walichokiona kinafanya kazi, hasa sindano zilizokausha buba, wakaendelea kwenda kwa fundi kwa maradhi ambayo hospitali haikuyaelewa. Jando halikufa, Askofu Vincent Lucas wa Masasi aliishia kulitengenezea sura ya Kikristo kwa kuwa hakuweza kulishinda. Watu walimchagulia daktari kazi yake. Na daktari aliyekaa alilazimika kuukubali uchaguzi huo, wakati yule wa kupita aliandika ripoti kwamba wenyeji ni wakaidi, akaondoka. Kwa hiyo sidai kwamba nia za wamisionari zilikuwa safi. Ninachodai ni kidogo zaidi na ni rahisi kukipima: kukaa kuliwafunza hata wale waliokuja na nia nyingine.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka uwandani Newala. Katikati ya mwaka 1952 watu wa uwanda wa Makonde walianza kuanguka kwa homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo makali kiasi kwamba mtu alishindwa kunyooka. Kwa daktari aliyesoma vitabu vya maradhi ya joto, jibu rahisi lilikuwa dengi, au malaria kali, au mafua. Marion Robinson, daktari aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa huko huko, hakuridhika na jibu rahisi. Aliwafuatilia wagonjwa kitandani, akaandika namna homa inavyopanda, upele unavyotokea na maumivu ya viungo yanavyong'ang'ania baada ya homa kuisha, na akahitimisha kwamba ugonjwa ulifanana na dengi ila ulikuwa na tabia zake. Makala yake ilichapishwa 1955 pamoja na ya W. H. R. Lumsden, aliyekuja kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, na mwaka uliofuata R. W. Ross akatoa taarifa ya kirusi chenyewe. Ugonjwa ukaingia kwenye vitabu vya dunia nzima kwa jina ambalo wagonjwa wenyewe waliupa kwa Kimakonde, chikungunya.

Tutafakari kazi hii iligawanyikaje. Maabara ilikuwa Entebbe, na bila maabara kirusi kisingeonekana. Lakini maabara haikuwa na cha kupima mpaka mtu aliyesimama kando ya kitanda aseme kwamba hii si homa tuliyoizoea. Ili kusema hivyo lazima uwe umeizoea ya kawaida. Uchunguzi wa Lumsden nao ulirudi kwenye maisha ya nyumbani: uwanda wa Makonde hauna maji ya juu, wanawake walitembea mwendo mrefu kuyateka bondeni, na kila nyumba iliyaweka akiba ndani ya vyombo ambamo mbu wa aina ya Aedes alizaliana. Ugonjwa wa mbu ulikuwa, kwa mzizi wake, ugonjwa wa kukosa bomba. Nusu karne baadaye kirusi kilekile kilisafiri kwa njia za kale za Bahari ya Hindi. Mwaka 2004 kililipuka Lamu, kikaenda Ngazija, na mwaka 2005 na 2006 kikaangusha karibu theluthi ya wakazi wa kisiwa cha Réunion kabla ya kuenea India. Madaktari wa huko walipotafuta maelezo ya ugonjwa uliowashangaza, miongoni mwa walichokikuta kwenye maktaba ni kumbukumbu za wagonjwa wa Newala.

Kuna pingamizi jingine, la kitabibu zaidi, nalo linasema kwamba kilichopunguza maradhi ni dawa, si mtu. Buba iliisha kwa penisilini, ukoma ulipungua kwa vidonge, ndui ilimalizwa kwa chanjo, na yeyote angeweza kuzitoa. Mtu anayesema hivyo anasahau swali la nani alizipeleka. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba ya Tanganyika, ikiwa na madaktari wachache na fedha chache zaidi, iliamua kuwafunza vijana kwa muda mfupi katika hospitali za wilaya na kuwarudisha kwenye zahanati ndogo zilizoendeshwa na serikali za wenyeji. Watu waliwaita madresa. Walisafisha vidonda, walichoma sindano za buba, waligawa kwinini, na madaktari wengi wa Kizungu waliwadharau, wakati mwingine kwa haki, maana mafunzo yalikuwa haba na makosa yalitokea. Hata hivyo sindano ya buba iliyofika kijijini ilifika kupitia mkono wa dresa. Dawa isiyokuwa na mtu wa kuipeleka na kuifuatilia hubaki ghalani Lindi mpaka muda wake uishe.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Tanganyika yenye watu wapatao milioni 9 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza 1963. Hata kama kila mhitimu angekubali kwenda Kusini, na hawakukubali, wilaya zisingejaa kwa miaka 20. Taifa lililazimika kuchukua njia ileile ambayo Lulindi na Ndanda walikuwa wameipita kwa umaskini wao: waganga wasaidizi vijijini, matabibu, wakunga waliopewa mafunzo, zahanati kabla ya hospitali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 njia hiyo ikawa sera. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Redio Tanzania, kujadili malaria, kichocho na kuhara, kisha kuchimba vyoo. Na mwaka 1975 Rais Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya mtu aliyekuwa mbunge tangu 1958 na aliyewahi kupasua wagonjwa Lulindi na Mnero, Leader Stirling. Alishika wizara hadi 1980, kwa hiyo dunia ilipokutana Alma Ata mwaka 1978 na kutangaza afya ya msingi kuwa shabaha ya wote, wizara ya Tanzania ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake kabla haijapewa jina.

Kipindi hicho kilikuwa na makosa yake. Sheria ya 1977 iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara ilipitishwa wakati wa Stirling, na ilirekebishwa 1991 kuiruhusu tena, baada ya hospitali za umma kuishiwa dawa na watu kuishiwa subira. Kwa Kusini pigo lilikuwa dogo, kwa kuwa hospitali za dini hazikuguswa na hizo ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Ila ni kweli kwamba serikali ilijenga haraka kuliko ilivyoweza kulipa mishahara, na zahanati isiyokuwa na mganga ilianza kuwa jambo la kawaida katika miaka ya 1980. Kwangu mimi huo si ushahidi dhidi ya sera ya afya ya msingi. Unaonyesha kilichotokea pale jengo lilipomtangulia mtu.

Wakati huo huo mji wa Mtwara ulikuwa na shule nyingine ya tiba ambayo leo haitajwi sana. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, majeruhi na wakimbizi walivuka Ruvuma kuja upande huu, na FRELIMO, harakati iliyoongoza vita hivyo, ikajenga huduma yake ya afya yenye kitovu Mtwara. Daktari Helder Martins, mzaliwa wa Msumbiji, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Hospitali yao mjini ilikuja kuitwa Américo Boavida, kwa heshima ya daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968, na kati ya waliofanya kazi humo alikuwamo daktari wa Bulgaria, Slavcho Slavov. Madaktari hawakuzidi vidole vya mkono. Wapiganaji waliokanyaga mabomu na watoto wenye surua walikuwa wengi mno kwao. Basi wakafundisha: vijana wa kike na wa kiume waliosoma kidogo walifunzwa uuguzi, wakarudi ng'ambo ya mto na mabegi ya dawa mgongoni, wakaendesha vituo vya tiba msituni. Msumbiji ilipopata uhuru 1975 Helder Martins akawa Waziri wake wa kwanza wa Afya, na serikali hiyo mpya ikaanzisha kampeni ya chanjo nchi nzima. Kwa muda wa miaka kadhaa mawaziri wawili wa afya, mmoja kila upande wa Ruvuma, walikuwa watu waliojifunza kazi ya tiba ya jamii katika eneo hili moja. Sijui kama kuna mpaka mwingine barani Afrika wenye habari ya namna hii.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la karibuni, na limetoka kwenye vijiji vyetu wenyewe. Kati ya 2010 na 2013, watafiti walijaribu katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, zikiwamo Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini, mpango wa wajitoleaji wanawake wa kijijini waliowatembelea wajawazito na wazazi majumbani kuwashauri juu ya kujifungua salama na kumtunza mtoto mchanga. Kata ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapata mpango, nyingine hazikupata. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba ushauri ulibadilisha tabia kadhaa, kina mama wengi zaidi wakinyonyesha maziwa pekee, lakini hapakuonekana ushahidi kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa sababu ya mpango huo. Kama watu wa hapo hapo, waliokaa, wanaoaminiwa, hawakupunguza vifo, hoja yangu imebaki na nini?

Imebaki, lakini imenyooshwa. Mjitoleaji alikaa kijijini, ndiyo. Aliyekosekana ni yule wa pili: mtaalamu aliyekaa kwenye zahanati, mwenye mikono ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, na aliyemfundisha huyo mjitoleaji. Lulindi ilikuwa na wote wawili chini ya paa moja. Mtwara ya FRELIMO pia. Mjitoleaji peke yake anaweza kumfikisha mama mlangoni, ila kinachoamua ni anayemkuta ndani. Kwa hiyo somo la utafiti ule linawahusu wanaodhani wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni njia ya mkato ya kukwepa kuajiri matabibu. Si njia ya mkato, na Kusini imeshalipa gharama ya kujua hivyo.

Mifano ya karibuni inaelekea upande huohuo. Ugawaji wa dawa za matende na busha, ulioanzia Mafia mwaka 2000 na kusambaa pwani yote, unahitaji watu wazima wengi wameze dawa kila mwaka huku wakijiona hawaumwi. Uvumi kwamba vidonge vinaharibu uzazi ulisafiri haraka kuliko vidonge. Utafiti uliofanywa Lindi na Morogoro uliwakuta wengi hawakumeza, na miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba mgawaji hakufika kwao au hawakuelezwa vya kutosha. Kwa upande mwingine, Julai 2022 wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma na damu puani walifika kituo cha afya cha Mbekenyera, Ruangwa. Watumishi wa kituo waliona kwamba hali hiyo si ya kawaida wakatoa taarifa. Vipimo viliondoa Ebola na Marburg, vikaonyesha homa ya mgunda, na mlipuko ulisimama kwenye watu 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Miaka 70 baada ya Newala, aliyepiga kengele alikuwa tena mtumishi wa afya wa hapo hapo.

Wapo watakaosema kwamba kukaa ni hulka ya mtu, na serikali haiwezi kuiandika kwenye bajeti. Watawa waliapa kuishi huko, Stirling alikuwa mtu wa aina yake, wapiganaji walikuwa vitani. Tabibu wa leo ana watoto wa kusomesha na mwenza aliyeajiriwa Dodoma. Ni kweli, na sitamwomba kijana yeyote awe mtawa. Lakini kukaa kuna masharti yanayonunulika: nyumba ya mtumishi yenye maji, posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa wakati, nafasi ya kujiendeleza bila kulazimika kuhama, na kupendelea kuwasomesha udaktari na utabibu vijana wa Nanyamba, Tandahimba na Kitaya ambao kwao tayari ni huko. Halmashauri zetu huandika kila mwaka idadi ya majengo yaliyokamilika. Ziandike pia, mbele ya kila zahanati na kituo cha afya, mganga mfawidhi aliyepo amekaa hapo miaka mingapi na amewafundisha wangapi. Madiwani wa Mtwara, wa Chuno akiwamo, wana haki ya kuidai orodha hiyo kwenye kikao kijacho cha baraza.